Somoe ni wa kuundwa na hajui: siri hiyo itadumuje Mikindani?

*"Shikamoo. Nina miaka 20, naishi Mtwara, na ninaandika riwaya ya vijana. Ni mwaka 2091. Kampuni moja inamiliki bandari, gesi na maghala yote ya korosho. Inaunda watu wa bandia wanaofanana na sisi kabisa, inawakodisha kwa kazi za ndani na kubangua korosho. Mhusika wangu Somoe, miaka 16, anaishi Mikindani na mama yake. Anakula, analia, anakwenda shule, na hajui kwamba yeye ni mmoja wao. Anagundua ukurasa wa 120. Rafiki yangu amesoma rasimu akasema haiaminiki, eti angejua siku ya kwanza. Kurasa 40 za mwanzo nimeeleza dunia ilivyofika hapo, ila hata mimi nikizisoma nasinzia. Mjomba anasema hizi ni hadithi za Kizungu, nitafute za kwetu. Halafu nimekwama kwenye jina: niseme androidi, roboti au nini? Nilitaka pia kuweka zile sheria tatu za roboti. Naomba unisaidie."*

Marahaba, binti. Umeuliza mengi, lakini tuanze na la rafiki yako, maana likikaa sawa, hata zile kurasa 40 zitapungua bila kulazimishwa.

Rafiki yako ameona tatizo, ila amelitaja vibaya. Somoe kutojua si ajabu hata kidogo. Hajawahi kukaa ndani ya mwili mwingine akalinganisha. Akiambiwa tangu mwanzo kwamba ana maradhi ya tumbo, kwamba ngozi yake haipendi jua, kwamba lazima alale kwenye godoro lile lile kila usiku, atayachukua hayo kama mtoto yeyote anavyochukua maneno ya mama yake. Ambaye angejua ni jirani. Mikindani nyumba zimebanana, ukuta wa huyu ni ukuta wa yule, na mtu akikohoa usiku asubuhi anaulizwa hali. Kinachokosekana kwenye rasimu yako ni mtu anayelipia siri. Mwili wa kuundwa una gharama za kila siku: unakula umeme, unatoa joto, unachakaa, unaharibika. Ukiandika tu "anakula, analia", msomaji anahisi kuna bili imefichwa mahali, naye anaacha kuamini bila kujua kwa nini.

Basi tufanye hesabu.

Binadamu wa kawaida hutumia takriban kilokalori 2,150 kwa siku. Ukizigeuza umeme, ni uniti 2.5. Mashine za leo ni walafi kuliko sisi: ASIMO, roboti ya Honda iliyoonyeshwa mwaka 2000, kwenye kutembea ilitumia zaidi ya mara kumi ya nishati anayotumia binadamu kwa kila kilo ya uzito wake, na betri yake ilikwisha ndani ya saa moja. Lakini wewe uko 2091, unaruhusiwa kusema mafundi wamefikia ufanisi wa binadamu. Usiseme wameupita, utajinyima riwaya. Uniti 2.5 kwa siku ni uniti 75 kwa mwezi. Sasa chukua LUKU ya leo: mteja mdogo wa kundi la D1, anayelipa bei nafuu, ni yule ambaye wastani wake hauzidi uniti 75 kwa mwezi. Somoe peke yake anamaliza zote, kabla mama hajawasha taa wala feni. Nyumba ya watu wawili, haina friji, haina pasi, inakula umeme kama ya watu wanane. Anayeliona hilo wa kwanza ni mwenye nyumba, au mpangaji wa chumba cha pili wanayechangia naye mita. Ugomvi wa LUKU una nguvu kuliko kurasa kumi za maelezo ya teknolojia, kwa sababu kila msomaji wako ameshawahi kuusikia ukutani.

Akitumia sola? Paneli ya wati 100 kwa jua la pwani hutoa kama uniti 0.4 kwa siku baada ya kuondoa upotevu. Anahitaji paneli sita au saba kwa ajili yake tu. Wiki ya mawingu mwezi Machi, Somoe "anaumwa".

Betri zenyewe: seli nzuri za lithiamu hubeba wati-saa 250 hivi kwa kilo, na uniti moja ni wati-saa 1,000. Kwa chakula cha siku moja unahitaji kilo 10 za seli, ukiongeza boksi na nyaya zinakuwa kama 14. Ziweke kifuani na tumboni, hakuna kwingine zinakoenea. Ongeza mota za viungio na mifupa ya aloi, na msichana wa urefu wa mita 1.55 ambaye kwa macho ungesema ana kilo 48, atakuwa na 70. Hapa una matukio mawili ya bure. La kwanza ni mzani wa chama cha msingi. Watoto wote wa kusini wameshapanda juu ya mzani wa korosho wakichekana. Siku Somoe anapanda, karani anaugonga mzani kwa ngumi akidhani umeharibika. La pili ni bahari. Mwili wa ujazo wa lita 48 husukumwa juu na maji ya chumvi kwa nguvu ya kilo 49 hivi. Wa kilo 48 anaelea. Wa kilo 70 anazama, kwa uzito wa kilo 21, karibu sawa na uzito wa ndoo ya lita 20 iliyojaa maji ukiibeba nchi kavu. Msichana wa Mikindani asiyeruhusiwa kuogelea hata maji yakiwa kiunoni: mama amemwambia sababu gani? Andika uongo huo neno kwa neno, utakufaa baadaye.

Joto ndilo waandishi wengi hulisahau. Uniti 2.5 kwa saa 24 ni wati 100 hivi za joto, mfululizo, ambalo lazima litoke. Sisi tunatoa kwa jasho na ngozi iliyojaa damu. Ngozi ya silikoni ni kama blanketi. Njia rahisi ni kupumua: kifua kinavuta hewa, kinaipitisha kwenye mabomba ya joto, kinaitoa. Kwa hiyo anapumua kweli, ila pumzi yake ni kavu na ya moto, na akipumulia kioo hakifanyi ukungu. Ukitaka afanane zaidi, mpe maji. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke huondoka na joto la uniti 0.67 hivi, kwa hiyo kupoza mwili wote kwa njia hiyo kunataka karibu lita nne kwa siku. Hapo kioo kinaingia ukungu kama kawaida, lakini umeanzisha shida nyingine, na ni tamu: maji yenye chumvi na chokaa huacha ukoko ndani ya mirija kama ule wa kwenye birika, mwisho mirija inaziba. Somoe anahitaji maji ya mvua.

Kwa sababu hiyo ningekushauri ufikirie upya mahali. Mikindani ni pazuri kwa bahari na magofu, lakini sehemu ya hadithi ipeleke juu, Newala, kwenye tambarare ya Makonde, ambako maji ni shida ya miaka nenda rudi na watu huvuna mvua kwenye visima vya nyumbani. Msichana mmoja anayemaliza lita nne za maji ya mvua kila siku, mwezi wa Oktoba, na jirani ana watoto watano. Sasa kuna mtu ana haki ya kumchukia, na bado ni mtu mwema. Hadithi za kiza cha kesho zinalegea pale kila mbaya anapokuwa mbaya tu.

Chakula cha kweli akikila hakimsaidii kitu. Kinakaa kwenye mfuko, na kwa joto la kwetu, samaki na ugali wa muhogo vitaanza kunuka kabla ya jua kuzama. Lazima mfuko utolewe na uoshwe kila siku. Nani anauosha, saa ngapi, na Somoe anaambiwa nini? Ndiyo yale "maradhi ya tumbo". Mama anamlaza, anamfunika uso kwa kanga, anafungua. Ukiandika hilo mara moja, kwa karibu, mikono ya mama ikinuka sabuni ya mche, hutahitaji kutuambia kwamba anampenda.

Ngozi nayo. Katika yote ninayokuandikia, hili lisikupite. Silikoni bora, ile inayotumika kwa viungo bandia, huja katika sehemu mbili, A na B. Unachanganya kiasi sawa, unapaka, na baada ya saa chache inakauka kwa msaada wa kichocheo cha platinamu. Kichocheo hicho kina adui: salfa. Ikigusa hata vumbi lake, kinakufa na mchanganyiko unabaki unanata kama ulimbo, leo, kesho na wiki ijayo. Sasa kumbuka nyumbani kwenu kunakuwaje kati ya Mei na Julai: mashamba yote ya mikorosho yanapuliziwa salfa kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga, vumbi la manjano liko kwenye nguo, kwenye baiskeli, kwenye nywele. Somoe anachanika mkono mwezi Juni. Mama anaziba kama alivyoziba mara zote, na safari hii kiraka hakikauki. Anarudia, hakikauki. Gundi ya dukani haisaidii, maana karibu hakuna kinachoshika silikoni ila silikoni yenyewe. Hata glovu za mpira wa asili zina salfa ndani yake, kwa hiyo kadiri anavyojitahidi kuwa msafi ndivyo anavyoharibu. Fundi anayejua angemwambia: funga madirisha, futa pale kwa spiriti, vua glovu hizo uvae za plastiki, chukua mchanganyiko mpya, nguo za shamba zibaki nje. Mama hajui, na hana wa kumuuliza bila kujifichua. Kitanzi cha kitabu chako ndicho hicho, na hakiwezi kutokea London wala Tokyo. Kinatokea kusini kwenye korosho.

Uchakavu mwingine nautaja haraka. Hewa ya bahari ina chumvi. Chuma cha pua cha kawaida hupata vishimo vya kutu, kile chenye molibdenamu kinastahimili zaidi, na alumini ikigusana na chuma cha pua penye unyevu wa chumvi huliwa haraka. Viungio vya chini, vifundo vya miguu na magoti, vitaanza kulia kabla ya vingine.

Kubangua korosho umekutumia vizuri kuliko ulivyojua. Mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi. Wanaobangua kwa mkono hujipaka majivu au mafuta kwanza, na bado vidole huchubuka na kubaki na madoa meusi. Kampuni ina sababu ya kutaka mikono isiyoungua. Na Somoe ana mikono misafi. Mkalishe darasani, madawati mawili mawili, wasichana ambao mama zao na dada zao hubangua, wote vidole vyeusi, yeye peke yake hana doa, na amebangua msimu mzima pamoja nao.

Tatizo moja hukuligusa kabisa: hakui. Kwa mwili wa mota huwezi kulikwepa, maana kati ya miaka 13 na 16 msichana habaki yule yule. Ama afike Mikindani akiwa na sura ya miaka 15 na kumbukumbu alizopewa za ajali au mafuriko ya kwingine, ama kila mwaka "alazwe" wiki mbili na kurudi akiwa na sentimita tatu zaidi. La pili linakupa hospitali ya Kampuni na daktari anayejua. La kwanza ni rahisi kuandika, na kwa kitabu cha kwanza ningelichukua hilo.

Umwandike wa aina gani? Kuna njia mbili za kweli. Mwili wa mota na silikoni, niliokuwa naueleza, unakupa dalili, hofu ya kugundulika na vitu vya kushika. Mwili wa nyama iliyooteshwa maabara, wenye damu na jasho, unafuta karibu dalili zote: anaelea, anakua, anaungua vidole. Hapo kinachomtofautisha na wewe ni karatasi tu, kwamba kuna mtu ana hati yake. Hiyo ni riwaya nzito zaidi, ya sheria na umiliki, ila haina kile kiraka kisichokauka. Kuchanganya kunawezekana, mifupa ya chuma na ngozi hai, lakini ngozi hai inataka damu na damu inataka mapafu na figo, na kabla hujageuka umeshaunda mtu mzima. Kwa hadithi uliyonieleza, chagua mota. Usibadilishe katikati.

Kuhusu kugundulika kwa macho, usihangaike na sura. Mhandisi wa Kijapani Masahiro Mori aliandika mwaka 1970 kwamba kadiri mashine inavyofanana na binadamu tunaipenda zaidi, mpaka ikikaribia sana kufanana, ghafla inatutisha, na mwendo huongeza hofu hiyo kuliko sura tuli. Kinachomsaliti mtu wa kuundwa ni muda. Binadamu hupepesa macho mara 15 hadi 20 kwa dakika, na si kwa mpigo sawa. Katika maongezi hujibu baada ya sehemu ya tano ya sekunde hivi, kasoro au zaidi kidogo. Kwetu kuna chombo kikali zaidi cha kupimia muda, nacho ni salamu. Shikamoo inayotoka kabla mzee hajamaliza kugeuka ni utovu wa adabu. Ikichelewa, ni kiburi. Na zile "za nyumbani, za watoto, za shamba" huwa zinapandana, mtu hajamaliza na mwenzake ameshajibu. Mashine hungoja zamu. Bibi wa jirani, asiyeona vizuri, ndiye angestuka kwanza: "Huyu mtoto wako mbona ananisalimia kama anasoma?" Na mpe Kiswahili sanifu mno. Aliyefundishwa kusema na Kampuni hatakuwa na lafudhi ya kusini hata aishi Mikindani miaka mingapi.

Sasa zile kurasa 40. Zikate. Usizichome, ziweke kando kama daftari lako la kazi. Msomaji wa miaka 15 haulizi dunia iliharibikaje, anauliza leo Somoe atapitaje pale getini. Kosa lililo ndani ya kurasa hizo ni kudhani kwamba dunia ya namna hii ni magofu na moshi. Kwa kweli ni utaratibu unaofanya kazi vizuri sana kwa mtu fulani. Kwa hiyo buni utaratibu, na huna haja ya kwenda mbali. Korosho tangu msimu wa 2007 zinauzwa kwa stakabadhi ghalani: mkulima anapeleka mzigo chama cha msingi, unapimwa, unapewa daraja, unakwenda ghala kuu, anabaki na karatasi akisubiri mnada na malipo benki. Ni mfumo wa kweli, una faida zake na wanaoulalamikia, na sitaki uufanye shetani. Chukua umbo lake tu. Watu wa kuundwa wanaingia ghalani, wanapimwa unyevu na uzito, wanapewa daraja la kwanza au la pili, kuna stakabadhi, kuna mnada Ijumaa. Msomaji wa Tandahimba ataelewa kila kitu kwa sentensi mbili, na nywele zitamsimama kwa sababu anaufahamu mfumo huo. Kanuni ya kazi: kila sura ibebe kitu kimoja cha dunia hiyo kinachoshikika, mita, mzani, stakabadhi, kiraka, na maelezo yasizidi aya moja kabla mtu hajafanya jambo.

Ukurasa wa 120 pia si mahali pake. Msomaji wako amesoma jalada, anajua. Mwache ajue kwa uhakika ukurasa wa 30, kupitia mama, Somoe abaki hajui mpaka 90 hivi. Kati ya hapo msomaji hasubiri siri tena, anamtazama mama akilipa.

Mjomba wako anastahili jibu la heshima, na jibu lipo. Neno roboti lilianzia kwenye tamthilia ya Karel Čapek ya mwaka 1920, nchi ya Wacheki, kutoka *robota*, maana yake kazi ya shokoa. Na wale roboti wake hawakuwa wa chuma, walikuwa wa nyama iliyoundwa. Shokoa kusini hatukufundishwa na tamthilia. Julai 1905, kule Nandete, Umatumbini, watu waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Mwambie pia kuhusu simulizi ya asili ya Wamakonde, iliyokwisha kuandikwa mwanzoni mwa karne ya 20: kiumbe mpweke porini alichonga mti kwa umbo la mtu, akausimamisha karibu na kibanda chake, usiku ukawa mwanamke hai. Waliishi, watoto wa kwanza wakafa, mpaka walipohamia juu kwenye tambarare. Mtu aliyeundwa kwa mkono, akapata uhai, akawa mama wa kabila. Baada ya hapo mjomba atasema tena kwamba hizi ni za Kizungu?

Mapiko nayo, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, iangalie kama fundi. Kinyago cha lipiko huvikwa kichwani kama kofia, kimechongwa kwa mti mwepesi, mara nyingi kina nywele za mtu kweli zilizogandishwa kwa nta, na mchezaji huona kupitia mdomo wa kinyago, si macho. Fikiria Somoe akitazama ngoma hiyo: uso usiopepesa, na mtu aliye hai ndani akichungulia mdomoni.

Na Tendaguru, Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi wakubwa wa kale, yaani dinosaria, zaidi ya tani 200, wapagazi wakaibeba kichwani mpaka bandari ya Lindi. Mjusi mkubwa kabisa alisimamishwa Berlin mwaka 1937, leo kimo chake ni zaidi ya mita 13, na ameunganishwa kwa mifupa ya wanyama zaidi ya mmoja. Mwili ulioungwa kwa vipande, unatazamwa mbali na kwao, na hati iko kwa mwingine. Kama Kampuni yako inahitaji nembo, umeipata.

Jina. "Androidi" iache, msomaji atafikiria simu. "Roboti" inafaa kwenye nyaraka za Kampuni. Mtaani watu wasingesema hivyo, wangesema *kinyago*, na methali unayo tayari: kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Lakini silaha yako kubwa iko kwenye sarufi, na sijui kwa nini haitumiki zaidi. Kiswahili kinamtambua mwenye uhai kwa upatanisho, hata jina lake likiwa la ki-: kijana amefika, kiziwi amelala, kifaru amekufa. Kinyago *kimeanguka*. Basi Kampuni iwe na kanuni: aliyeundwa hutajwa kwa *ki-* na *vi-*, na asemaye vinginevyo hukatwa mshahara. Mwalimu darasani: "Sema tena." "Kinyago amefika, mwalimu." "Sema tena." "Kinyago… kimefika." Usieleze kanuni. Iache ijionyeshe mara tatu nne, kwa karani, kwa daktari, kwa tangazo la spika. Halafu siku Somoe ameburutwa mbele ya watu ghalani, karani anauliza "Hiki ni cha nani?", na yule rafiki yake muoga anajibu: "Ni wangu. Ni rafiki yangu. Anaitwa Somoe." Silabi chache, na sidhani kama mfasiri atazihamisha kwa urahisi. Wewe mwenyewe, kama msimulizi, uamue mapema unatumia upatanisho gani, na usiteleze hata mara moja. Mhariri mzembe atakusahihishia, mkatalie.

Sheria tatu za roboti (asimdhuru mtu, atii amri, ajilinde) ni za mwandishi Isaac Asimov, za mwaka 1942, na ni chombo cha hadithi zake. Mashine halisi hazina sheria hizo ndani. Ukiziweka, unaazima nyumba ya mtu na samani zake. Masharti ya mkataba wa kukodisha yatakufaa zaidi: kifungu cha 4, aliyekikodi asikipe jina.

Yapo mambo ambayo barua haitoshi. Ukitaka Somoe apite unyago, usiandike kwa kusikia. Nenda kwa kungwi, mpelekee heshima yake, mwambie unaandika kitabu, muulize lipi linaruhusiwa kutoka na lipi halitoki. Akikataa jambo, liache. Funga mlango ukurasani, tusikie ngoma kwa nje. Swali unaloweza kumuuliza bila aibu ni hili: mwali asiyepata hedhi hufanywaje? Jibu lake linaweza kuupindua mpango wako wote. Kwa mota na viungio, omba kuingia karakana ya VETA Mtwara, ushike mota ya umeme iliyofanya kazi nusu saa, uone inavyounguza kiganja. Kama umechota kutoka vurugu za gesi za 2013, kumbuka watu walikufa na familia ziko hapo hapo mjini. Zungumza nao kabla, na usiwape wahusika sura zinazotambulika. Mama yako akisema kuumba mtu hata kitabuni ni kufuru, usibishane naye jikoni. Nendeni pamoja kwa sheikh mnayemwamini, na maneno atakayosema yaandike, kwa sababu Mikindani ya 2091 nayo itakuwa na sheikh, na atakuwa na la kusema juu ya Somoe akitaka kuingia msikitini. Na mchapishaji akikuletea mkataba, usisaini siku hiyo. Upeleke COSOTA, ofisi ya hakimiliki, au kwa wakili, waulize hasa kifungu cha haki za filamu na tafsiri.

Kwa wiki hii, kazi ni moja: andika usiku wa kiraka. Juni, taa imefifia, silikoni haikauki, Somoe anauliza "Mama, mbona inanata?" Kurasa nne, bila kutaja Kampuni. Mpe rafiki yako hizo peke yake.